Mpira wa Kusimamia

Kwa dada yangu mkubwa, mwenye nyumba yake na heshima zake,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na shemeji naye amepunguza kukoroma kama ulivyomwomba. Wanao nao wawe salama, wale mahakimu wangu watatu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Yuko hapa ng'ambo ya meza, anapinda mapazia ya mtu, na kila nikiinua kichwa namkuta anacheka peke yake. Sababu utaijua. Soma taratibu, usirukie ukurasa wa mwisho kama kawaida yako.

Barua yako niliipata. Uliniuliza habari za mvua, ukaniuliza habari za meno yangu, lakini nimeona wazi kwamba hayo yote yalikuwa ya kupoza tu. Swali lenyewe ulilibana chini kabisa, karibu na sahihi: kama ni kweli, kama alivyokwambia yule kinyozi wetu alipopita kwenu, kwamba nilianguka mbele za watu. Nitakujibu, ila kwa utaratibu wangu. Kinyozi anajua vichwa, mpira haujui.

Unakumbuka ile likizo mliyokuja kwetu. Nilikuwa nawasimulia wanao jinsi nilivyovuka mto enzi za ujana wangu nikirukaruka juu ya tyubu la lori, maji yakiwa yamejaa na watu wa ng'ambo wamepiga magoti kuniombea. Wewe ulikuwa jikoni unacheka mpaka unafuta macho. Binti yako mkubwa, aliyerithi macho yako ya kupima watu, akaniambia kwa adabu zote kwamba hadithi ni tamu ila chumvi imezidi. Wadogo zake wakadakia, na tangu siku ile nikawa Mjomba Chumvi. Kisha yule mkubwa akaongeza kwamba siku nikiwaletea mpira ambao mtu anasimama juu yake na kuruka, nao wasimame kwa miguu yao wenyewe, jina hilo watalifuta.

Nilicheka, uliniona. Lakini liliniingia, dada. Mtaani wakiniita mzushi nalala usingizi wangu vizuri. Wapwa zangu ni kitu kingine. Siku mlipoondoka nilikaa kwenye kibanda changu cha kuziba pancha, pale kwenye lile tairi bovu ninalowakalishia wateja, nikajiambia kwamba kabla sijazeeka lazima nifanye kitu kimoja ambacho hakuna mtu atakayehitaji kukigawanya kwa nusu ndipo akiamini.

Basi nikaanza. Mpira wa kwanza niliushona kwa vipande vya tyubu la trekta, nikaviunganisha kwa gundi na moto, nikauwekea valvu ya pikipiki. Kazi safi, ungeuona ungedhani umezaliwa hivyo. Juu yake nikafunga ubao, nikapanda. Dada, ule mpira ulinirusha mpaka nikaona mabati ya jirani kwa upande wa juu, nikaona yana kutu karibu na ukingo, na niliposhuka nikamwambia. Akapanda kwa ngazi, akakuta kutu palepale nilipomwonyesha. Mwulize. Tatizo halikuwa kupanda, lilikuwa kushuka. Nilitua kwenye rundo la pumba za mbao la seremala jirani yangu wa kibanda cha pili, naye akasema kwamba akihitaji gunia la viazi atakwenda sokoni mwenyewe.

Ubao ukikaa juu, mpira unaukataa. Nikautafakari huo ukaidi siku nyingi. Jibu likanijia mchana mmoja baada ya kula, nilipojitazama tumboni. Unajua mwili wangu sasa ulivyo. Tumbo limegawanyika, nusu juu ya mkanda, nusu chini ya mkanda, na mkanda wenyewe hauendi popote. Nikaruka nilipokuwa nimekaa. Nikamkimbilia seremala nikamwambia anikatie ubao wa duara wenye tundu katikati. Akauliza ni meza ya nani hiyo yenye tundu. Nikamwambia akate tu, maswali atayauliza tukishakuwa watu maarufu.

Kingo za lile tundu nikazipiga msasa mpaka zikawa laini, nikazivisha utepe wa tyubu ili zisije zikaula mpira. Kisha nikachukua mpira mtupu, usio na upepo, nikaupenyeza mpaka nusu, nikaanza kujaza. Ukavimba juu, ukavimba chini, ubao ukanaswa kiunoni kama mkanda wangu na tumbo langu. Unasimama kwenye ubao, mguu huku na mguu huku, unaubana ule uvimbe wa juu kwa vifundo vya miguu, unaruka, na kitu chote kinakufuata kama kimekupenda. Mimi niliyeshindwa na hesabu za sehemu nikiwa bado na meno ya utoto, nimetoa kitu kama hicho kichwani. Seremala aliacha randa yake katikati ya ubao, akaja kuugusa kwa mikono yake mwenyewe.

Upepo niliujaza kama ninavyojaza siku zote. Hakuna baiskeli iliyowahi kutoka kibandani kwangu ikiwa inanesa, na mtu wa pancha anayeacha kitu nusu upepo afadhali akauze maandazi. Nilijaza mpaka ukiugonga unalia kama mtungi. Nilipoupanda ulinitupa, nikasema unahitaji kuzoewa. Ulinitupa tena, nikasema hivyohivyo.

Sasa ndipo pakaja jambo la ajabu. Kwa kuogopa wajanja wasiniibie, kila nilipokwenda kazini niliuacha mpira nyumbani, nyuma ya jiko, umefunikwa gunia. Asubuhi mgumu kama jiwe, jioni nikirudi umelegea. Nikaujaza. Kesho yake umelegea tena. Nikauzamisha kwenye beseni langu la kutafutia matundu, nikautazama mpaka shingo ikauma: hata kiputo kimoja hakikutoka. Nikaupaka povu la sabuni, nikautegea sikio kama daktari. Hakuna kitu. Mimi, dada, ambaye nimewahi kupata tundu la mwiba uliokwisha kuoza, nilishindwa na mpira niliouzaa mwenyewe. Mwisho nikatoa maelezo kwamba raba ya trekta ikipata joto la mchana huwa inapumua. Niliyatangaza maelezo hayo mtaa mzima. Seremala akauliza kama huwa inakoroma pia.

Na mambo mengine yakaja juu ya hilo. Kamba ya kuanikia nguo ikakatika bila upepo kuvuma. Mama wa nyumba ya nyuma akalalamika kwamba tunatwanga mchana kutwa, na sisi kinu hatuna. Ndala za wifi yako zikapasuka, jozi mbili kwa mfululizo, akaniambia siku hizi wanatengeneza vitu vibovu. Nikakubali. Kila kitu nilikiona, dada, na hakuna nilichokiona.

Katikati ya hayo gari la bwana mmoja likapasukiwa tairi mbele ya kibanda changu. Kumbe ni mwenye duka kubwa la vitu vya watoto, na huwa anapeleka vitu vingine kiwandani vitengenezwe kwa wingi. Siku hiyo mpira nilikuwa nao, nimeuleta niuchunguze tena. Akauzunguka, akauinua, akauliza ni wazo la nani. Nikamwonyesha kifua hiki. Akasema kitu kizuri, ila yeye hanunui kitu cha kutazama, anataka kumwona mtu mzima yuko juu yake anaruka, kwa sababu kikimbeba mtu mzima mtoto hatakivunja. Akaahidi kurudi Jumamosi. Nikamjibu kwamba Jumamosi ataniona naruka huku nakunywa chai. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka, nilikuwa najiuliza nimesema nini.

Jumamosi mtaa ulijaa kuanzia kwa kinyozi mpaka kwa muuza mkaa. Wengine walikuja na viti. Yule bwana alifika na suruali yake yenye mikunjo, akakunja mikono, akangoja. Na mpira uliruka, dada. Uliruka ukazunguka uwanja wote wa mbele ya kibanda, ukapita kati ya matairi, ukaenda mpaka kwa seremala ukarudi, ukipiga ardhi kwa mdundo mmoja usiopotea. Watu walishangilia mpaka mbwa wakakimbia. Yule bwana akakunjua mikono, akanipa mkono, akasema utakwenda kiwandani.

Ningeweza kuishia hapo, nikasaini. Wanao wangesoma, wangeridhika. Lakini hebu rudi juu kidogo usome tena. Nimeandika kwamba mpira uliruka. Sikuandika nani alikuwa juu yake.

Ndiyo, nilianguka. Kinyozi hakukudanganya. Asubuhi ile nilikuwa nimeujaza upepo kupita siku zote, kwa heshima ya mgeni. Nilipopanda ulinirusha kando, nikaenda kukaa ndani ya beseni langu la maji, na kikombe cha chai mkononi, kitupu. Watu walicheka kwa muda ambao sikuupenda. Yule bwana akatazama saa yake, kisha akatazama gari lake. Nikiwa ndani ya beseni niliwafikiria wanao watatu, nikaona lile jina limeshanigandia mpaka kaburini.

Ndipo wifi yako akatoka kwenye kundi la watu. Unamjua alivyo, mwanamke wa mwili wake uliokamilika, na wa maneno machache. Mwenyewe uliniambia siku ya harusi kwamba yule ni mkimya mno kwa mtu wa domo kama langu. Hakunitazama. Akachomoa pini kichwani, akainama, akaibonyeza valvu. Upepo ukatoka fyuuu, upepo wangu wote niliouhangaikia, mbele ya mteja. Nikampigia kelele kutoka kwenye beseni kwamba ananiharibia kazi. Yeye akaubonyeza mpira kwa kidole gumba, akaachia upepo kidogo tena, akabonyeza tena. Akalikaza gauni lake kiunoni, akavua ndala, akapanda.

Dada, mimi nimesimulia vitu vingi maishani mwangu. Nimesimulia mamba, nimesimulia radi iliyoniomba radhi. Hiki sijui nikisimulie vipi. Aliruka. Ile miguu iliyokanyaga cherehani miaka yote ya ndoa yetu ilikuwa inaujua mdundo tangu zamani, ilikuwa inangoja kitu cha kuupigia tu. Mgongo ulinyooka, mikono imetulia, uso umekaa kama wa mtu anayekwenda kisimani. Alipofika kwa seremala aligeuka juu kwa juu. Alipopita mbele ya beseni langu, nikaona anacheka kwa meno yote, cheko ambalo sikuwa nimeliona tangu tulipokuwa wachumba.

Ndipo yote yakanifungukia kwa pamoja: kamba, ndala, kinu tusichokuwa nacho, na mpira unaovuja bila tundu. Kila siku nilipokwenda kazini alikuwa anatoa upepo, anaruka nyuma ya jiko, kisha anaufunika gunia kama alivyoukuta. Pampu nilikuwa naondoka nayo, angeujaza tena kwa kitu gani? Nilimwuliza jioni ile kwa nini hakuniambia. Akaendelea kukata uzi wake, halafu akasema:

"Ningekwambia, ungenifundisha."

Nikaenda nyuma ya jiko, nikaliondoa lile gunia.

Yule bwana alipouliza ujazwe upepo kiasi gani, mimi mtaalamu nilisogea kando. Wifi yako ndiye aliyemshika mkono, akamwekea kidole gumba juu ya mpira, akamwambia ubonyee kama shavu la mtoto, hapo basi. Maneno hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye boksi, na juu yake picha ya mwanamke aliyekaza gauni lake kiunoni, anaruka. Bwana alitaka kuchora kijana mwembamba. Nilikataa. Nikamwambia wazo ni langu, raba ni yangu, na picha ni ya mke wangu, au tairi lake alizibe mwenyewe.

Pamoja na barua hii napeleka mpira mmoja, niliutengeneza mwenyewe kwa ajili ya wanao. Wasimame kwa miguu yao wenyewe, ndivyo tulivyopatana. Upepo amepima wifi yako, usimruhusu mtu kuuongeza, na nikija huko hata mimi usiniruhusu, maana mkono bado unanisukuma. Kuhusu lile jina, waache wahukumu. Kutu ya jirani na mbwa waliokimbia wanaweza kuvigawanya wapendavyo. Ila ile sehemu ya mke wa mjomba wao juu ya mpira waiache nzima, sikuitia hata punje. Kama nimekosea, nimepunguza.

Msalimie shemeji, wasalimie mahakimu, na majirani wote wanaonikumbuka kwa mema. Wifi yako anasema mkija safari hii uje na viatu vya chini, kuna kitu anataka kukuonyesha nyuma ya jiko. Mtaani watoto wamempa jina jipya, wakipita wanamwita apige raundi moja, naye haringi sana. Mimi nami wamenibadilishia jina. Mwanzo nilijifanya sisikii. Siku hizi wakiliita nageuka haraka.

Ni mimi mdogo wako,

Mume wa Mama Mdundo