Nani Anamshika Siku Hizi

Garissa, Alhamisi. Joto limekaa juu ya mabati tangu asubuhi na halina nia ya kuondoka. Mto Tana ni mwekundu wa matope; mvua imenyesha huko milimani, hapa kwetu hakuna hata wingu. Nimeketi kwenye zulia la mjukuu wangu Sahra, mgongo ukutani, naandika kwenye simu kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa.

Mimi ni mgeni katika mji huu. Nilizaliwa kando ya njia ya Modogashe, nikaondoka kijana juu ya lori la mizigo, na tangu hapo nyumbani kwangu ni Nakuru. Wakiniuliza natoka wapi, hujibu Garissa. Wakiniuliza nyumba yangu ya Garissa iko wapi, husogeza kikombe cha chai.

Leo nimeitwa kutoa neno.

Zakariya, mtoto wa Sahra, ana miaka minane na ana usonji. Huenda shuleni na msaidizi wake, Hodan, msichana mwenye kicheko kikubwa, aliyefunzwa kazi hiyo Nairobi kwa majuma machache. Kazi yake ni kukaa na Zakariya peke yake, si na darasa zima. Wiki iliyopita Zakariya alitoka langoni mchana kweupe akafika barabarani, katikati ya malori. Mwuza maji mmoja alisimamisha punda wake, akamkumbatia, akamrudisha.

Baba yake, Abdi, ni mfanyabiashara wa mifugo. Tangu siku hiyo halali vizuri, na simlaumu. Anataka Hodan aondoke, na mahali pake aje Jamal, mwana wa ndugu yake. Jamal ni golikipa. Abdi alimsifu kwa neno moja tu: mikono.

Niliposikia neno hilo, mwili wangu ulibaki sebuleni. Mimi nilikwenda zangu.

Ilikuwa 1966, vita vikiendelea. Serikali ilikuwa imetukusanya ndani ya ua wa miiba, watu na mifugo iliyobaki, ili wapiganaji wa msituni wasipate kwetu maziwa wala habari. Asubuhi lango lilifunguliwa, jioni lilifungwa, na aliyekutwa nje baada ya kufungwa hakuulizwa jina.

Mdogo wangu Nuur alikuwa na miaka saba. Hakuna aliyejua jina la hali yake. Sheikh alimsomea, akina mama walimfukiza ubani. Nyanya yetu alisema huyu amezaliwa akisikiliza upande mwingine, na mpaka leo sijasoma maelezo yaliyonitosheleza kuliko hayo. Hakuzungumza. Alipenda kupitisha kiganja juu ya vitu vilivyopangwa: fito za kibanda, mbavu za ngamia aliyelala. Na alikuwa akikimbia. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha chuma cha gurudumu. Ikigongwa tu, Nuur aliziba masikio na kukimbia moja kwa moja, popote uso ulipoelekea. Mara nyingi uso ulielekea langoni, na langoni kulikuwa na bunduki.

Mwalimu wetu alitoka pwani, mtu mpole aliyeonekana kushangaa kila asubuhi kwamba ameletwa kwetu. Alimwambia mama, nami nikatafsiri: "Mtoto wako nitampokea, mama. Lakini awe na mtu wake."

Wazee walikaa wamtafute mtu huyo. Hawakuuliza nani ana subira, wala nani anajua kufundisha. Waliuliza nani ana nguvu, na nani ni damu yetu. Jibu lilikuwa Bashir, mwana wa ami yetu, kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akimshika ngamia dume mdomo kisimani mpaka atulie. Kwa kipimo hicho sijaona aliyefaa zaidi, na sitaki msomaji awadharau wazee wale. Walitaka mtoto abaki hai.

Na Bashir alikuwa mwema. Alimshika Nuur kifundo cha mkono wa kushoto tangu asubuhi mpaka shule itoke, na hakumuumiza hata mara moja. Kengele ikilia alikaza vidole, ikinyamaza alilegeza. Alimwimbia sikioni nyimbo za kunyweshea ngamia. Mwalimu akisema andikeni, Bashir aliushika pia mkono wa kulia wa Nuur, wakaandika pamoja kwenye sleti. Mwalimu aliusifu mwandiko wa Nuur mbele ya darasa.

Ulikuwa mwandiko wa Bashir.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Hilo ndilo gumu kuliandika. Nuur hakukimbilia lango tena, mama alianza kula, na askari pale langoni, waliokuwa wakipiga kelele kila siku, "Shika! Shika mtoto!", walizoea kumwona akipita na Bashir hata wakawa wanampungia mkono.

Kisha asubuhi moja, mlangoni mwa darasa, Nuur alinyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya Bashir akasema wazi, kwa Kiswahili cha askari: "Shika."

Neno lake la kwanza duniani.

Mama alilia. Hatukuwa na cha kuchinja, akagawa sukari kwa majirani, vijiko viwili kila kibanda, akiomba radhi kwamba ni kidogo.

Haukupita muda, vijana wenye nguvu walipandishwa lori kwenda kuhojiwa, na Bashir alikuwa mmoja wao. Hakurudi kijijini kwetu.

Kesho yake Nuur alikwenda shuleni mwenyewe, kwa kuwa njia aliijua. Alifika kizingitini akanyoosha mkono. "Shika." Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kukaa. Mtoto mmoja akajibu kutoka nyuma, "Ushikwe na fisi!" Darasa likacheka. Niliinuka nikamshika mimi. Aliutazama mkono wangu mdogo, akautoa taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichopewa kwa makosa. Mwalimu alikuja akamshika, Nuur akatulia. Lakini mwalimu alikuwa na darasa zima na mikono miwili, akamwachia. Nuur akarudi pale pale kizingitini, mkono mbele.

Kengele ikagongwa. Hakukimbia.

Hakuingia pia. Alisimama juani mpaka mama alipotoka kwenye foleni ya maji akaja kumchukua. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine. Mwisho mama akaacha kumpeleka.

Ngamia ukimfunga miguu ya mbele kwa kamba muda mrefu mno, siku ukimfungua huendelea kupiga hatua fupi. Hakuna mchungaji asiyejua hilo. Wazee wote waliomchagua Bashir walikuwa wachungaji.

Walilijua kwa ngamia.

Nimetafuta miaka mingi wa kumlaumu na sikumpata. Bashir alifanya alichoombwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya mshikaji ni pamoja na kuachia, kidole kimoja leo, kingine mwezi ujao, na mtoto akiwa bado anakuona. Nani angemwambia? Wakati ule kuachia kulikuwa na maana moja tu.

Nuur alikuja nasi Nakuru, akaishi mpaka akaota mvi. Kila mlango aliopita, kuna mtu alimshika: mama, kisha dada yetu, kisha mke wangu, mwisho mimi. Pale kifundoni nywele hazikuota. Siku moja jiko lilijaza nyumba moshi na sote tulikuwa uani. Tulimkuta amesimama ndani ya mlango ulio wazi kabisa, akikohoa, machozi yakimtoka, mkono mbele.

Bashir aliachiliwa, akaishia Rhamu, akalima vitunguu kando ya mto Daua. Sikuwahi kumwona tena, na sasa hayupo. Lakini msafiri mmoja aliniambia kwamba kila alipokutana na mtu wa Garissa, hata awe mgeni kwake kabisa, Bashir alimuuliza: "Yule mtoto, nani anamshika siku hizi?"

Basi leo baada ya Alasiri tulikaa. Hodan aliitwa, akaja na mtandio wake wa kijani, bila kicheko. Abdi alianza, akiniita babu kwa Kisomali.

"Awowe, mimi ni mtu wa soko. Mbuzi akitoka zizini, sibadilishi mbuzi. Nabadilisha mchungaji."

"Mtoto si mbuzi," Sahra akasema.

"Mbuzi angalau huogopa lori."

Hodan hakujitetea sana. Alisema ni kweli, mtoto alimtoka. Mwalimu alikuwa amemwita akapange mstari wa watoto wa darasa jingine, naye akaenda. Humwita mara kwa mara, kwa sababu anaonekana amekaa bure. "Yeye ni mwalimu, Awowe. Mimi ningemwambia nini? Na kule nilikofunzwa walinifundisha darasa. Hawakunifundisha lango."

Nikawasimulia habari za Nuur. Sahra alipokuwa mdogo aliwahi kumwona babu yake huyo, na alikuwa akigombania zamu ya kumshika. Hakujua ilianzia wapi. Alifunika uso kwa ncha ya shungi.

Nilisema neno hili, na ninaliandika ili nisije nikajisahihisha kesho: sijui kama Hodan anatosha. Majuma machache ni machache. Lakini Jamal najua atatosha, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mikono yake itamdaka Zakariya kila mara. Kisha ataoa, au atapata kazi Mombasa, na mtoto atabaki kizingitini.

"Kwa hiyo unataka mwanangu ajifunzie barabarani?" Abdi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Nataka ajifunze wewe ukiwa bado una nguvu ya kukimbia."

Alizungusha tasbihi. Kisha akatoa uamuzi kama anavyofunga bei sokoni, bila kumtazama mtu: Hodan abaki mpaka muhula uishe. Yeye mwenyewe ataenda kumwambia mwalimu asimwite tena kwa kazi nyingine. Jamal atasimama langoni, nje, asimguse mtoto ila roho ikiwa hatarini. Na barabara ifundishwe kama hesabu inavyofundishwa, kila siku, kuanzia leo.

Kuanzia leo, akarudia, akamtazama Hodan.

Tulitoka sisi watatu, mimi, Hodan na Zakariya, kabla ya Magharibi, kwenda duka la ng'ambo ya barabara kununua maziwa. Hodan alitembea hatua mbili nyuma ya Zakariya. Nilimuuliza mbona mbali hivyo, akasema wiki jana ilikuwa hatua tano, sasa amesogea karibu kidogo kwa sababu ya hofu. Hofu ya nani? "Yangu," akasema, na hapo kicheko chake kilirudi.

Ukingoni mwa lami Zakariya alisimama. Lori la ng'ombe lilikuwa likija. Sikufikiri. Mkono wangu ulitoka wenyewe ukamkamata kifundo cha mkono wa kushoto, pale pale, kana kwamba ulikuwa umekiacha jana.

"Awowe," Hodan akasema kwa upole. "Mkono."

Kuachia kulinichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Zakariya hakunitazama. Alijifuta kifundo kwenye suruali, akaiambia barabara, si sisi: "Simama. Tazama." Lori likapita, vumbi likatufunika. Pikipiki. Mkokoteni wa punda. Njia ikawa tupu, naye hakuvuka. Ikajaa, ikawa tupu tena. Nilimwona Hodan anauma mdomo. Nami nilikuwa nikiomba dua zote nilizofunzwa, za safari na za mazishi, bila kuchagua.

"Nenda," Zakariya akajiambia. Akavuka akitembea.

Hodan alimfuata. Mimi nilibaki upande huu. Kijana wa bodaboda akanipigia kelele, "Mzee, unasimamisha gari?" ndipo nikagundua kwamba mkono wangu bado umenyooka mbele.

Sasa wanakula, nasikia sahani. Kesho asubuhi, in shaa Allah, nitakwenda nao tena, na fimbo yangu nitaibeba mgongoni, kwa mikono yote miwili, isije ikamkamata mtoto tena.

Ila jambo moja halijaniachia tangu pale ukingoni. Kama tungemlegezea kidole kimoja tu, neno la pili la Nuur lingekuwa lipi?