Dada, Njoo Uangalie

Jumatatu, 3 Machi
Jenereta ya hospitali inawaka, inakohoa, inazima. Nimebadilisha chujio la dizeli, nikamwambia matroni imepona. Matroni hajafika hata mlangoni, ikazima tena. Mdogo wangu, fundi mwenzangu, akainama, akasikiliza. "Dada, inavuta hewa." Mpira wa dizeli ulikuwa na ufa. Ufa wenyewe nilikuwa nimeupangusa kwa kitambaa changu!
Na mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana.

Jumanne, 4 Machi
Mama kapiga simu. Kashasikia. Eti mwanawe ni fundi hasa. Nikauliza, yupi? Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Jokofu la damu halipoi sawasawa. Bosi wa karakana kampa mdogo wangu kazi. Naye kasema ni kompresa, iletwe mpya. Nilipita nyuma ya jokofu kuchukua ngazi, nikaona waya wa kipimajoto kinachoamrisha ubaridi umelegea, unaning'inia kama jino bovu. Nikasita. Macho haya haya ya Jumatatu? Nikisema, nikakosea tena, nitakuwa kichekesho cha karakana nzima.
Ndivyo nilivyojiambia. Kumbe nilitaka akosee. Mara moja tu, mbele za watu.

Ijumaa, 7 Machi
Kompresa mpya imefungwa. Jokofu bado vuguvugu. Damu imehamishiwa kwenye maboksi ya barafu, barafu inayeyuka, na wodi ya wazazi kuna mama anasubiri upasuaji. Nilikaa pembeni, roho yangu imejiandalia karamu. Mdogo wangu akafuta mikono, akawaambia wote: nimekosea, si kompresa, na sijui ni nini.
Hakuna aliyecheka. Bosi akasema heri fundi anayejua asichokijua.
Hata kukosea kanishinda.
Kisha akanigeukia. "Dada, njoo uangalie. Wewe ndiye mwalimu wangu."
Nikasema nafuata bisibisi. Sasa niko stoo, naandika juu ya boksi la vipuri. Nikienda nikaushika ule waya moja kwa moja, watanishangilia. Mama atapata habari kabla ya jioni. Nikisema niliuona jana, nikanyamaza —
Mdogo wangu anagonga mlango. Hana hasira. Afadhali angekuwa nayo.
"Dada? Mbona bisibisi ninayo mimi?"