Shati Jekundu la Harusi

Nyangoto, Jumapili

Mume wangu Okech,

Nakusalimu huko kwenye mashimo ya dhahabu ya Migori. Mbuzi amezaa mapacha, na mama yao anakula vizuri.

Jana nikiosha udongo kwenye karai nilimwaga dhahabu pamoja na mchanga. Wanawake wenzangu, wanaoniita Macho kwa kuona hata chembe ndogo, walinipokea karai. Kichwa kinaniuma tangu Pasaka. Jicho la kulia lina ukungu, hata nyanya naziona zimepauka, na la kushoto limeanza. Daktari wa Mwanza anasema mwili wangu wenyewe unashambulia mishipa ya fahamu ya macho.

Sikukuambia mapema kwa sababu ungeacha kazi.

Sasa iache. Njoo umevaa lile shati la harusi yetu, nikutazame likiwa bado jekundu machoni pangu.

Mkeo,
Felistas