Ijumaa Uliyokuwa Msikitini

Kwako Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa wa kazini, huko Salamabila,

Nimesikia unauza wali na maharage karibu na machimbo ya dhahabu, na kwamba wachimbaji wanakuita Mama Kasongo, kwa jina la mji wetu. Aliyeniambia ni dereva wa pikipiki aliyekula kwako wiki iliyopita, akaisifu sana pilipili yako. Nilicheka naye, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Mtu aliyepanga mafaili ya wagonjwa kwa adabu kama yako hakupaswa kuwa anapuliza kuni kwenye vumbi la wachimbaji. Uko huko kwa sababu yangu. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Asomaye asome, maana jina lako lilichafuliwa mbele ya watu.

Unakumbuka nilivyofika kituo cha afya? Kompyuta zilikuwa mpya, mimi mpya zaidi. Nilikuwa nabonyeza kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mpunga, na wagonjwa walionisubiri walikuwa wanapata homa nyingine juu ya ile waliyokuja nayo. Ulivuta kiti chako karibu na changu, ukanishika mkono. "Polepole, mudogo wangu," ulisema. "Hii mashine haiumi." Nilikuwa na mimba, mdomo unatema kila chakula, na wewe ndiye uliyegundua kwamba mhogo wa kuchoma nauweza. Tangu siku hiyo uliuleta ukiwa umefungwa kwenye jani, nusu yako, nusu yangu, na nusu yangu ilikuwa kubwa siku zote.

Hata siku za Mungu tuligawana. Wewe ni wa familia za Waislamu wa zamani hapa mjini, mimi Mkatoliki wa kuja. Ijumaa ulipokwenda kuswali, nilikaa kwenye kiti chako. Jumapili zamu yangu ilipoangukia saa ya misa, ulikaa kwenye changu. Tatizo lilikuwa moja: neno langu la siri lilifungua majina ya wagonjwa wapya tu, na lako, kwa kuwa ulikuwa mkubwa wetu, lilifungua kila kitu, magonjwa, mimba, majibu ya vipimo. Na wagonjwa wa kijiji cha Lusangi walikuwa wametembea tangu alfajiri. Nani angewaambia wangoje mpaka swala iishe? Basi uliniinamia sikioni ukaninong'oneza neno lako. Lilikuwa jina la marehemu mama yako.

Yule mtaalamu aliyetumwa kutoka Kindu alitukataza, hilo siwezi kusema hatukusikia. Alitufundisha kufunga mashine kila tunaponyanyuka na kutompa mtu neno la siri, hata ndugu. Sote tulitikisa vichwa kwa heshima. Ni wewe uliyeinua mkono.

"Sisi hapa tunakula sahani moja," ulimwambia. "Sasa nifunge mashine mbele ya mwenzangu, ataona namuita mwizi."

Chumba kizima kilikupigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Yule bwana alifuta jasho, akaendelea na somo lake kwa sauti ya chini. Masikini, alikuwa na haki, ila hakujua kutuambia kwa namna ambayo isingetutukana.

Halafu ndugu yangu mdogo akataka kuoa. Unamjua Riziki, yule binti mpole wa Kabambare aliyekuwa akikaa hapa kwa shangazi yake, na aliyekuwa akitibiwa kwetu. Mama yangu alianza kunibembeleza taratibu. "Weye iko unafanya kazi pale," akaniambia. "Angalia tu kama huyu mutoto iko muzima." Nilikataa. Akaacha kunisemesha. Akawa ananipakulia chakula bila kuniangalia, na unajua mama akikununia, nyumba inakosa hewa. Niliona kosa ni kumnyima mama kitu kidogo kama hicho, wakati funguo ninazo.

Ijumaa ile mvua ilinyesha, wagonjwa wakawa wachache. Ulijifunika khanga yako kichwani ukakimbilia msikitini. Nikakaa kwenye kiti chako, nikaandika jina la mama yako, kisha jina la Riziki. Sikukuta ugonjwa wowote. Nilikuta kwamba mwaka uliopita aliletwa kwetu usiku, na mimba ikatoka. Basi. Huzuni ya msichana mmoja, imeandikwa kwa mistari michache. Ningeweza kufunga faili, nikamwambia mama ni mzima, na ingekuwa kweli. Badala yake nilimweleza yote, nikamsihi asimwambie mtu. Mimi niliyeshindwa kunyamaza nilitaka mama yangu ndiye anyamaze!

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Ndugu yangu akajitoa. Baba yake Riziki akapanda pikipiki toka Kabambare, na mimi nilitegemea atakuja kutukana. Hakutukana. Alisimama katikati ya mapokezi, kofia mkononi, suruali imejaa tope mpaka magotini. "Mutoto wangu alilia hapa, ndani ya chumba cha daktari," alisema. "Alilia peke yake. Nani alibafungulia batu mulango?"

Hilo swali bado nalisikia, Yaya.

Mashine ilikuwa na jibu lake. Kumbe inaandika kila anayefungua faili, siku na saa. Daktari mkuu alituita sote ofisini kwake, akakugeuzia kompyuta. "Mama Mwamini, hii njo jina yako?" Jina lako, siku ya Ijumaa, saa ambayo mji wote unajua watu wako kwenye swala. Ulisoma polepole. Akakuuliza saa hiyo ulikuwa wapi. Neno moja tu, msikitini, lingekutoa. Lakini angeuliza tena: basi nani alikuwa kwenye kiti chako? Niliona umelifikiria hilo, kwa sababu hukunitazama hata kidogo. Ukasema, "Mungu anajua fasi nilikuwa." Nyuma yako, mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Nilikukimbilia nje, karibu na pipa la maji, nikaanza kubwabwaja. Uliniziba mdomo kwa kiganja. "Weye uko na batoto badogo. Bangu bamekomaa. Nyamaza." Watu wengine huambiwa wanyamaze wakakataa. Mimi nilitii haraka sana, na hiyo haraka ndiyo inayoniuma kuliko kosa lenyewe. Kosa lilikuwa la dakika chache. Lakini nilinyamaza upya kila asubuhi nilipochana nywele kwenda kazini.

Na walipokufukuza kazi, sikujua kwamba huo haukuwa mwisho. Habari ya saa ile ya Ijumaa ilitoka ofisini ikaingia mtaani. Wakasema, kumbe swala zake ni za kuonekana, kumbe siku ile alikuwa anachungulia siri za watoto wa watu. Nilimsikia muuza sabuni akilisema hilo huku akinihesabia chenji, nikapokea chenji yangu nikaondoka. Wewe ambaye hata ukiwa na malaria Ijumaa ulikwenda. Nadhani kazi ungeivumilia. Hili ndilo lililokupandisha pikipiki ya Salamabila.

Kiti chako wamenipa mimi. Ndiyo, cheka kama unaweza. Nimepewa neno la siri langu mwenyewe, linalofungua kila kitu. Mwezi huu yule bwana wa Kindu alirudi kutufundisha tena, na safari hii alikuwa na mfano: mfanyakazi mmoja wa hapa hapa, hakumtaja, aliyeuza siri ya mgonjwa. Wenzangu wote waligeuka kutazama kiti chako, na wakanikuta mimi nimekikalia. Nilisimama. Miguu ilisimama kabla sijaamua. Nikasema ni mimi.

Daktari mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Ameniambia nikae nyumbani mpaka aniite, na uso wake hauoneshi kwamba ataniita. Nilimwomba basi afute jina lako kwenye mashine aweke langu. Akasema haiwezekani, kilichoandikwa mle hakigeuzwi. Atakuandikia barua, atakuita urudi, lakini ndani ya mashine utabaki wewe. Nilikwenda pia kwa Riziki. Alifungua mlango, akanisikiliza maneno mawili, akaufunga. Sina la kumlaumu. Ndugu yangu hanisemeshi, na mama anasema nimeaibisha nyumba, kana kwamba aibu ndiyo imeanza leo.

Najua hukutaka nifanye hivi. Ulinipa zawadi na mimi nimeirudisha ikiwa imechelewa na imechakaa. Watoto hawajambo, usiwe na wasiwasi, tutalima mpunga. Nimekula zawadi yako muda wa kutosha.

Jana Ijumaa nilikwenda kwenye mlango wa wanawake, pale msikitini, nikangoja watoke. Niliogopa sana, Yaya. Nilisema yote kwa sauti, hata jina la mama yako nililolitumia vibaya. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa bado na viatu mikononi. Kisha Mama Zuhura, yule jirani yako mnayepanga naye safu moja siku zote, akakaa chini kwenye ngazi.

"Mi nilisali pembeni yake ile siku," alisema. "Bega na bega. Khanga yake ililoa mvua, ikanilowesha na mimi. Baliposema mashine imemuona kule, nikaamini mashine."

Mwingine akasema na yeye alikuona. Na mwingine. Walikuwa wamekuona karibu wote. Mama Zuhura ameniomba nikuandikie kwamba ukirudi, hajui atakusalimia namna gani. Nilimwambia hata mimi sijui.

Mdogo wako, uliyemfundisha kazi.