Breki Zilizoganda

Chaani, Changamwe,
Mombasa.
9 Julai 1947

Mpendwa Kaka Ruwa,

Shikamoo. Hujambo huko Nairobi, na baridi yake unaivumilia? Sisi tu wazima. Kifua cha Mama kimepata nafuu, na mkeo Kafedha amerudi salama kutoka kwa wazazi wake.

Kaka, gerejini kumechafuka. Ile motokaa nyekundu ya viti viwili, ya yule Mzungu wa bandarini, inashika breki yenyewe. Juzi asubuhi, akiteremka kwenda feri ya Likoni, magurudumu yalikaza ghafla, na lori lililokuwa nyuma likamkosa chupuchupu. Sasa anadai Erastus, aliyeitengeneza mwisho, alitaka kumuua. Jumatatu anampeleka polisi.

Erastus! Aliyetufundisha sote kushika spana. Amefungua magurudumu yote manne, amesafisha, amelegeza, wapi! Asubuhi breki hazibanduki, jua likipanda zinaachia zenyewe. Leo niliwahi alfajiri kabla yake, nikafungua kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa meupe, yameganda kama mafuta ya kujipaka ya Mama wakati huu wa kipupwe. Nikanusa. Nazi.

Nikarudi nyumbani kumwuliza Kafedha, nikijifanya sina neno. Akacheka. "Mafuta yangu Ruwa alikwenda nayo kazini mwezi wa nne, chupa nzima, wala hakunirudishia."

Mwezi wa nne mafuta ya breki yaliadimika mji mzima, na gari lile lilikuwa mikononi mwako; ukalitia ya nazi. Joto lilikuwepo, yasingeganda. Mwezi uliofuata ukaacha gereji, ukaenda kazi ya Nairobi na barua yako ya sifa.

Nimekukasirikia, sikufichi. Lakini nimejionea haya zaidi mimi. Kutwa nimenyamaza, na Erastus kalala chini ya gari akitafuta kosa lisilo lake. Mkewe Jael alipomletea chakula, niligeuza uso.

Wewe ni mkubwa wangu, ndiyo maana nataka uanze wewe. Barua hii ikifika, mpelekee mwenye gereji simu ya maandishi, useme ulichofanya. Jumatatu saa mbili, kama hakuna neno lako, nitampelekea kikopo mwenyewe na jina lako nitalitaja. Najua utapoteza kazi huko, na pengine nami huku.

Nisalimie binamu yetu Mwarandu. Mama na Kafedha wanakusalimu sana. Bado hawajui.

Mungu akutie moyo kabla ya Jumatatu.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata leo,
Kenga