Mdeni Wako Aliyekuja Matangani

Mama yangu mpenzi,

Tangu tukuzike nimekuwa nikimshuku rafiki yako Mama Sifa. Leo nakuandikia kwa sababu sasa nakushuku hata wewe.

Unakumbuka nilipokuwa mdogo nikakuuliza kwa nini kila jioni tunamwomba Mungu atusamehe nguo zetu? Ulicheka mpaka ukaacha kuchambua sambaza, wale dagaa wa ziwani. Ukanieleza kwamba kwa Kinyarwanda umwenda ni nguo, na umwenda ni deni vilevile. Baba, aliyekulia Tanzania, akadakia kwamba wao walisali "waliotukosea", na kwamba hilo neno deni nalo lilitoka kwa Waarabu.

"Bon, maneno iko mengi," ukasema, "lakini mutu ni ule ule. Mwenye alikukosea, iko na deni yako."

Basi siku ya matanga yako Mama Sifa alivuka mpaka kutoka Goma, akasimama mbele ya watu wote.

"Mi niko mudeni wa marehemu."

Kaka akamuuliza ni kiasi gani.

"Haiko franga," akajibu, akaketi.

Kama si pesa, ni nini? Hakuna aliyethubutu kuuliza. Na kila Alhamisi aliendelea kuja nyumbani, kama alivyokuja ulipokuwa hai. Analeta mboga, anaitazama picha yako, anaondoka. Nilidhani anaitaka nyumba. Nilificha hati ya kiwanja ndani ya gunia la maharage. Akishatoka, nilihesabu vikombe. Nisamehe, mama, nilivihesabu kweli.

Alhamisi iliyopita, alipokwisha kuingia, nilifunga mlango kwa ndani.

"Ulimfanyia mama nini?"

Hakushtuka. Aliniuliza kama naikumbuka siku tuliyokwenda Goma kumtazama mama mdogo Riziki. Ningeisahau vipi? Ulimbebea mgonjwa viazi vya upande wetu, vya Mudende. Tulikuta wanawake wanaosha masufuria ya msibani, dada yako ameshazikwa. Watoto wake walikutazama kama mgeni. "Alikuita, ukakataa," mkubwa wao alikwambia. Ukakaa chini na viazi vyako. "Hakuna mutu alituambia," ukarudia, mara nne, mara tano.

"Walinituma mi nimuite," Mama Sifa akasema. "Nilivuka asubuhi, nikapita mbele ya meza ya mama yako. Tulikuwa tumegombania nafasi sokoni, nikanyamaza. Nikasema nitamuambia kesho. Kesho yake dada yake akakufa."

"Mama alijua?"

"Nilimuambia mi mwenyewe, kisha mwaka mumoja kupita. Hakulia. Akasema, kuja Alhamisi, tusali."

Kumbe ndizo zile Alhamisi zenu! Nilikuwa nasikia nyuma ya pazia jinsi ulivyopandisha sauti mkifika kwenye imyenda, yale madeni, kisha kimya, kisha amina. Nilidhani ni uchaji.

"Alikuambia amekusamehe?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Tulisali tu. Miaka tisa."

Ndiyo maana nakushuku, mama. Je, ulikuwa unamsamehe kidogo kidogo, kwa sababu yote kwa mara moja yalikushinda? Au ulimwita kila wiki alisikie neno lile la deni kutoka kinywani mwako, na limchome? Nakujua ulivyokuwa mpole. Nakujua pia ulivyoweza kununa.

Alinitazama akingoja. Nikaelewa kwamba hakuwa akifuata nyumba wala vikombe. Alitaka neno la msamaha ambalo wewe uliondoka nalo, na sasa aliniona mimi ndiye mwenye kulirithi. Nilimfikiria mama mdogo, aliyekufa akiamini dada yake amemkataa.

"Sijakusamehe, Mama Sifa," nikamwambia. "Na siwezi kukusamehe kwa niaba ya mama. Lakini kesho tunakwenda wote Goma. Utawaambia watoto wa Riziki kwamba mama hakuitwa."

Aliinuka kitini. Kisha akasema, "Twende."

Tulivuka pamoja. Aliwaambia yote, amesimama mlangoni, hajakaribishwa hata kiti. Mkubwa wao alilia akikutaja, mama. Alikuita mama mkubwa.

Pumzika sasa.

Ni mimi, binti yako wa mwisho.