Mlonge wa Leticia

Jumatatu, 3 Machi
Majani yamekauka vizuri, kijani kabisa. Tumeanika ndani, jua halikuyaona. Leticia katwanga, mimi nimechekecha. Chafya mpaka mbavu zinauma. Kibali cha serikali cha kuuza unga wetu kimetoka, tumekitundika sebuleni. Hapa mtaani Pasiansi nani ana binti kama wangu? Kasomea mambo ya chakula chuoni. Mimi niliishia la saba. Lakini aliyemzaa ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Lebo zimekuja. Sijazipenda. "Unga wa majani ya mlonge. Chakula." Basi. Kama unga wa dona. Nikauliza mbona hajaandika kwamba unatibu.
"Mama, serikali hairuhusu. Ukisema unatibu, hiyo ni dawa, na dawa ina vipimo vyake. Sisi tunauza mboga."
Mboga, eti. Mtoto mnyenyekevu mno huyu. Hakurithi kwangu.

Jumamosi, 8 Machi
Leticia kaenda Misungwi kwa wakulima wake, atakaa huko karibu wiki mbili. Meza ya sokoni ni yangu. Nimeazima spika kwa jirani wa mitumba, nikarekodi: "Mlonge wa Leticia. Sukari kwaheri, presha kwaheri, vidonge tupa kule." Inajirudia yenyewe, mimi nakula zangu muhogo. Lebo imesema chakula, sheria tumeitii. Mdomo ni wangu.
Makopo ya leo yameisha kabla ya adhuhuri. Watoto wanaiimba. Mama Kulwa, shoga yangu tangu tunaolewa, kachukua mawili. Kacheka sana. "Wewe mwanamke ni kwaya peke yako."

Jumapili, 16 Machi
Mama Kulwa hakuja kanisani. Nikampitia. Kalala, midomo mikavu, anaomba maji tu. Ana kidonda mguuni, alijikwaa. Nikamwambia aongeze kijiko cha mlonge.

Jumanne, 18 Machi
Wamemkimbiza hospitali. Hajitambui. Kulwa anasema mama yake aliacha vidonge vya sukari tangu siku ile ya sokoni. Alivitupa chooni, huku anacheka na kuiga sauti yangu.


Ijumaa, 21 Machi
Wamemkata mguu. Chini ya goti.
Na maafisa wa serikali wamekuja mezani. Daktari aliuliza mgonjwa anatumia nini, akaonyeshwa kopo. Waligeuza lebo, wakasoma, wakarudisha. Mmoja, binti mpole tu, kaniamkia shikamoo kwanza. "Mama, kopo halina neno. Tumekuja kwa ajili ya hiyo sauti."
Leticia alikuwa ameshuka kutoka Misungwi asubuhi hiyo hiyo na magunia yake ya majani. Hajui lolote. Akaisikia pale pale mbele yao. Nilikuwa nimeiwasha kwa mazoea, nikasahau hata kuizima. Ikamaliza, ikaanza tena.
Hakuniangalia. Kibali wamekifuata sebuleni, wamekichukua.

Jumatano, 26 Machi
Leticia hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Ananiamkia, ananipikia, anatoka. Kasema mara moja tu, "Mama, nilikueleza kwa nini." Yale majani ya Misungwi kawapa wafuga mbuzi.
Nilitaka kuichukia serikali. Nimejaribu tangu Ijumaa. Siwezi. Yule binti hakunisingizia. Mimi nilisema uongo, na nilisema kwa raha, kwa sababu jina la mwanangu lilikuwa ndani yake.
Sikula leo.

Jumapili, 6 Aprili
Mama Kulwa karudi kwake. Nimekwenda baada ya misa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima.  Kufika mlangoni nikalia tu. Akaniacha nilie.
Kisha akasema, "Kaa basi, usinisimamie kama mdai." Nikakaa upande ule ambao mguu upo. Nikaona aibu, nikahamia upande wa pili.
Akaniuliza, kama anavyoniuliza miaka yote, "Haya, Leticia wako kafanya nini tena?"
Nikasema hajambo.
Akangoja nimsifie mwanangu.  Akavuta ungo, akauweka katikati yetu, tukachambua mchele.